Daraja la Mawe la Pontypridd: Jinsi Lilivyoanguka na Jinsi Lilivyosimama

Mtu aishiye kando ya mto wa milimani hana haja ya kuelezwa faida ya daraja. Wakati wa kiangazi huvuka kwa miguu, maji yakimfika magotini. Huenda sokoni na kurudi, na watoto wake huenda shuleni. Lakini mvua kubwa ikinyesha huko juu milimani, hata kama kijijini kwake jua linawaka, maji hushuka kwa ghafula yakichukua magogo na mawe, na siku hiyo nchi hukatika vipande viwili. Mgonjwa hafiki hospitali, mazao hayafiki sokoni, na mara nyingine mtu mwenye haraka hujaribu kuvuka, asionekane tena.

Taabu hii si ya Afrika peke yake. Katika nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza, watu wa bonde la mto Taff walikuwa nayo zaidi ya miaka 250 iliyopita. Daraja walilojengewa ili kuwaondolea taabu hiyo lingali limesimama hata leo. Si daraja pana. Njia yake ni kiasi cha futi 11 tu, hata magari mawili hayawezi kupishana juu yake. Wala halikujengwa na mhandisi aliyesoma katika chuo kikuu. Lakini habari zake zafaa kujulikana, kwa maana lilianguka kabla ya kusimama, na kila lilipoanguka lilimfundisha mjenzi wake jambo ambalo mwalimu hakuwako wa kumfundisha.

MTO NA NCHI YAKE

Mto Taff huanza katika milima ya Brecon Beacons, ukateremka kusini mpaka baharini penye mji wa Cardiff, mwendo wa maili kama 40. Milima hiyo ina miteremko mikali na mvua nyingi. Maji hayapati nafasi ya kunywewa taratibu na ardhi, bali hukimbilia bondeni mara moja, na mto huweza kujaa kwa muda wa saa chache. Mahali palipo kama maili 12 kutoka Cardiff, mto mwingine uitwao Rhondda huingia katika Taff. Hapo ndipo penye daraja letu.

Siku hizi pana mji. Lakini katikati ya karne ya 18 palikuwa shamba tupu: malisho ya kondoo, miti, na nyumba chache za wakulima. Jina lenyewe lasimulia habari hiyo. Pontypridd ni kifupi cha maneno ya Kiwelsh, Pont-y-tŷ-pridd, maana yake "daraja la penye nyumba ya udongo". Basi mji ambao leo una maduka, stesheni ya reli na makanisa makubwa ya mawe, jina lake limetokana na nyumba ya udongo iliyokuwa ukingoni mwa mto, nyumba ambayo mtu yeyote wa mashambani katika Afrika ya Mashariki angeitambua mara moja.

MWASHI ALIYEJIFUNZA KWA KUTAZAMA

Mjenzi wa daraja hilo aliitwa William Edwards. Alizaliwa mwaka 1719 katika parokia ya Eglwysilan, karibu na mahali hapo, naye alikuwa mwana wa mkulima. Baba yake alifariki mapema, na yule kijana akakua katika kazi za shamba. Wakulima wa nchi ile hawazungushii mashamba yao miti wala seng'enge peke yake. Hujenga kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa. Kuta hizo hubomoka mara kwa mara, na kazi ya kuzijenga upya ilimwangukia William. Akaifanya vizuri hata majirani wakaanza kumwita awajengee na za kwao.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa macho yake mwenyewe. Walipokuja waashi wa kazi katika sehemu zile, alikuwa akienda kuwatazama, akiangalia jinsi wanavyoshika nyundo na kuchonga jiwe. Mwalimu wake wa pili alikuwa ngome ya Caerphilly, boma kubwa lililojengwa katika karne ya 13, ambalo wakati huo lilikuwa magofu. Humo alitembea peke yake akichunguza viungo vya mawe: jinsi jiwe moja linavyolikalia jingine, na kwa nini ukuta huu umebaki na ule umeanguka. Watu wengi waliyatazama magofu yale wakaona uharibifu tu. Yeye aliona shule.

Alipokuwa kijana wa miaka kama 20 alipata kazi ya kujenga kiwanda cha kufulia chuma mjini Cardiff. Alipanga kwa mwoka mikate mmoja aliyekuwa kipofu, na mtu huyo ndiye aliyemfundisha lugha ya Kiingereza, kwa maana mpaka hapo William alikuwa akijua Kiwelsh tu. Tangu mwaka 1745 alikuwa pia mchungaji wa kanisa dogo la Groes-wen, karibu na kwao, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipofariki mwaka 1789. Basi mtu huyu alikuwa na kazi tatu kwa pamoja: jembe, nyundo na mahubiri, wala hakuna hata moja aliyoiacha kwa ajili ya nyingine.

MKATABA WA PAUNI 500

Mwaka 1746 Edwards, akiwa na umri wa miaka 27, alipewa kazi ya kujenga daraja la kuvuka mto Taff. Malipo yalikuwa pauni 500. Lakini mkataba ulikuwa na sharti zito: mjenzi alitakiwa kutoa dhamana kwamba daraja litasimama kwa muda wa miaka saba. Likianguka kabla ya miaka hiyo kutimia, hasara itakuwa juu yake.

Daraja la kwanza alilijenga kwa desturi ya siku zile, yaani matao kadhaa yanayokalia nguzo za mawe zilizosimama ndani ya mto. Lilikuwa zuri, na watu walilisifu. Miaka kama miwili na nusu ikapita. Halafu ikaja gharika. Mto uling'oa miti huko juu, ukaichukua mizima na matawi na mizizi yake. Miti ile ilipofika darajani ilikwama kwenye nguzo. Juu yake zikakwama takataka nyingine, nyasi na mabua na mbao, mpaka nafasi zote za kupitishia maji zikaziba. Daraja likageuka kuwa boma la kuzuia mto. Maji yakapanda nyuma yake, yakalisukuma kwa nguvu zake zote, na daraja lote likachukuliwa.

Yafaa kuangalia vema sababu ya kuanguka huku. Mawe hayakuwa mabovu, wala chokaa haikuwa haba. Kosa lilikuwa katika kuweka nguzo ndani ya mto wenye desturi ya kuleta miti. Watu wa nchi yoyote yenye mito ya milimani wanalijua jambo hili: mara nyingi si maji matupu yanayovunja daraja, bali ni magogo yanayokwama na kuyafanya maji yasipite.

Miaka saba ilikuwa haijatimia, basi ilimlazimu Edwards kujenga tena. Lakini hakurudia kazi ile ile. Alisema moyoni kwamba ikiwa nguzo ndizo zilizoua daraja, daraja jipya halitakuwa na nguzo hata moja. Litavuka mto kwa tao moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo, urefu wa futi 140. Katika Uingereza yote halikuwako daraja la tao moja lenye urefu kama huo. Waashi wakubwa wa miji hawakuwa wamethubutu kulijaribu; na sasa lilikuwa likijaribiwa na mkulima wa Eglwysilan, mwenye deni, aliyejifunza uashi katika kuta za kondoo.

SOMO LA TAO

Ili kufahamu yaliyompata baadaye, ni lazima kwanza kufahamu jinsi tao linavyosimama.

Jiwe lina nguvu nyingi likibanwa, lakini lina nguvu kidogo sana likivutwa au likipindwa. Ubao ukilazwa juu ya mfereji waweza kupindika kidogo na kurudi. Jiwe refu likilazwa vivyo hivyo na kupakiwa mzigo hukatika katikati. Kwa sababu hiyo wajenzi wa kale walivumbua tao. Katika tao kila jiwe huchongwa liwe pana kidogo upande wa juu na jembamba upande wa chini, kama kabari. Kila jiwe hutaka kuanguka, lakini haliwezi kwa sababu jirani zake wa kulia na kushoto wamelibana. Uzito husafiri kutoka jiwe hadi jiwe mpaka hufika kwenye misingi iliyo ukingoni, nayo husukumwa chini na nje. Wakati wa kujenga, mawe hushikiliwa na kiunzi cha mbao. Jiwe la mwisho likiisha kutiwa kileleni na chokaa kushika, kiunzi huondolewa, na tao hujishikilia lenyewe.

Watu wa pwani ya Kenya wamelijua tao tangu zamani. Mtu aliyezuru magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ameiona milango yenye matao ya mawe ya matumbawe, ambayo mingine ingali imesimama ingawa dari zimekwisha kuanguka siku nyingi.

Lakini tao lina tabia moja ya kuangaliwa, na mtu yeyote aweza kuiona kwa macho yake nyumbani. Twaa ufito mwembamba wa mwanzi, urefu wa futi mbili au tatu. Weka mawe mawili mazito chini, kisha ukunje ufito huo kama uta, ncha zake zikiegemea mawe hayo kwa ndani. Sasa una tao dogo. Bonyeza kilele chake kwa kidole; utaona mabega yake, yaani sehemu za pande mbili zilizo kati ya kilele na misingi, yakitokeza nje. Kisha achilia kilele, ubonyeze mabega yote mawili kwa pamoja. Mara utaona kilele kikiinuka juu. Lakini ukibonyeza kilele na mabega kwa kadiri inayopatana, ufito hukaa imara. Basi tao halitaki tu mzigo uwe mdogo. Lataka mzigo ugawanyike kwa kadiri.

Ufito ukipindika hurudi ulivyokuwa. Tao la mawe halina msamaha huo. Kilele kikiinuka, viungo hufunguka, mawe huachiana, na yote huanguka.

UZITO ULIOKAA MAHALI PASIPOFAA

Hilo ndilo lililompata Edwards. Tao la futi 140 lilipanda mpaka urefu wa futi 35 katikati. Tao lenyewe, likiwa tupu, ni kama uta mwembamba, na huwezi kupitisha gari juu ya uta. Ili kupata njia, ilikuwa lazima kujaza mawe na kifusi juu ya mabega mpaka yapate kulingana kiasi na kilele. Hapo kileleni kifusi kilikuwa kidogo sana, lakini mabegani kilikuwa kingi mno. Ni kama kubonyeza ufito pande mbili na kuacha katikati. Tao lilipokwisha kufungwa na kazi ilipokaribia kutimia, uzito wa mabega ulikibana kilele kutoka pande zote mbili, mawe ya kileleni yakasukumwa juu, na daraja likaporomoka mtoni.

Safari hii hapakuwa na gharika ya kulaumiwa. Daraja lilikuwa limejiua lenyewe. Kwa mjenzi, maanguko kama hayo ni mabaya kuliko yale ya kwanza, kwa kuwa mto ukivunja daraja watu husema ni kazi ya Mungu, lakini daraja likivunjika lenyewe watu husema ni kazi ya fundi. Pauni 500 zilikuwa zimekwisha zamani. Mtu mwingine angalikimbilia nchi nyingine au angalikubali kwamba kazi imemshinda.

Wahenga wa Kiswahili walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Edwards hakuijua methali hiyo, lakini aliifuata. Watu wenye mali wa nchi ile, waliouona uthabiti wake na waliolihitaji daraja, walimsaidia kwa fedha. Naye akakaa kufikiri.

MATUNDU SITA

Zilikuwako njia mbili za kuponya ugonjwa wa daraja lile. Ya kwanza ni kuongeza uzito kileleni mpaka ulingane na wa mabegani. Lakini kufanya hivyo kungalizidisha mzigo wote wa tao na kuisukuma misingi kwa nguvu zaidi. Njia ya pili ni kupunguza uzito mabegani. Edwards alichagua hiyo ya pili, na namna alivyoifanya ndiyo iliyolitia daraja lake katika vitabu vya wahandisi.

Katika kila bega aliacha matundu matatu ya mviringo, yaliyopenya kutoka upande mmoja wa daraja hadi wa pili kama mapipa makubwa yaliyolazwa. Tundu la chini, lililo karibu na ukingo, lina kipenyo cha futi kama 9. La pili ni dogo kuliko hilo, na la tatu, lililo karibu na kilele, ni dogo kuliko yote. Kila tundu lenyewe limejengewa duara la mawe, kwa hiyo halilegezi ukuta; duara ni tao lililozunguka pande zote.

Hesabu ndogo yaonyesha faida yake. Tundu la futi 9 likipenya daraja lenye upana wa futi 11 huacha nafasi isiyopungua futi za ujazo 600. Futi moja ya ujazo ya mawe na kifusi huwa na uzito wa ratili 100 au zaidi. Maana yake tundu hilo moja peke yake liliondoa mzigo wa zaidi ya tani 25 kutoka mahali ulipokuwa ukidhuru. Ongeza matundu mengine, na mtu ataona jinsi mabega yalivyofanywa mepesi pasipo kupunguza upana wa njia. Tena mto ukifurika kupita kiasi, matundu hayo hupitisha maji ambayo vinginevyo yangaligonga ukuta.

Daraja hilo likamalizika mwaka 1756, miaka 10 baada ya mkataba kuandikwa. Miaka saba ya dhamana ikapita, kisha sabini, kisha mia mbili. Kwa muda wa miaka karibu 40 halikuwako katika Uingereza daraja la tao moja lililolizidi kwa urefu, mpaka yalipoanza kujengwa madaraja makubwa ya chuma. Watu walisafiri kutoka mbali kuja kulitazama. Richard Wilson, mchoraji maarufu aliyezaliwa Wales, alilitia katika picha, na nakala za picha hiyo zikapigwa chapa na kuenea.

HAKUNA KAZI ISIYO NA KASORO

Isidhaniwe kwamba daraja lilikuwa kamili. Kwa kuwa tao lilipanda sana katikati, na kingo za mto si ndefu, njia ya juu yake ilikuwa kama paa la nyumba: kupanda kwa taabu na kushuka kwa hatari. Farasi mwenye gari lililojaa alipata shida kufika kileleni, na akiisha kukivuka, gari lilitaka kumwangukia kwa nyuma. Ikawa lazima kutumia mnyororo na gogo la kukokota nyuma ya gari ili kulizuia lisikimbie kwenye mteremko.

Edwards mwenyewe aliiona kasoro hiyo, akajifunza kwayo pia. Baada ya Pontypridd aliitwa kujenga madaraja mengine mengi katika Wales ya kusini, na humo alitumia maarifa aliyoyapata kwa uchungu. Moja katika hayo ni la Dolauhirion, juu ya mto Tywi karibu na Llandovery, lililojengwa mwaka 1773. Hilo ni daraja la shamba hasa. Tao lake ni la futi 84 tu, na katika kila bega lina tundu moja. Lingali likipitisha watu wa nchi hiyo hata leo. Wanawe nao waliifuata kazi ya baba yao na kujenga madaraja yao wenyewe. Basi kilichoanguka mara zile katika mto Taff hakikupotea bure, bali kiligawiwa kwa mito mingine.

DARAJA JIPYA KANDO YA LILE LA ZAMANI

Katika karne ya 19 nchi ile iligeuka. Makaa ya mawe yalichimbwa katika mabonde ya Rhondda na Taff, reli ikapita hapo, na penye nyumba chache pakawa mji. Kwa muda mahali hapo paliitwa Newbridge, yaani "daraja jipya", kwa ajili ya kazi ya Edwards. Lakini kulikuwa na miji mingine yenye jina hilo, na barua zikapotea njia. Hivyo katikati ya karne hiyo jina la kale la Kiwelsh likarudishwa. Mjini humo humo, mwaka 1856, baba na mwanawe, Evan James na James James, walitunga wimbo ambao sasa ndio wimbo wa taifa la Wales.

Magari yalipozidi kuwa mengi na mazito, mteremko wa daraja la kale haukuvumilika tena. Mwaka 1857 lilijengwa daraja jingine, pana na la usawa, ubavuni kabisa mwa lile la kwanza. Hapo watu wa mji walikuwa na uchaguzi. Wangaliweza kulibomoa daraja la Edwards na kutumia mawe yake, kwani kazi yake ilikuwa imekwisha. Hawakufanya hivyo. Walijenga jipya kwa ajili ya magari, wakaliacha la zamani kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa ajili ya kumbukumbu. Ndivyo yalivyo mpaka leo: madaraja mawili yamesimama pamoja kama mzee na kijana, mmoja akibeba mizigo na mwingine akikumbusha.

Sasa daraja la kale linalindwa na sheria kama mnara wa historia, na mtu haruhusiwi kulibadilisha apendavyo. Karibu yake pana jumba la makumbusho, lililowekwa katika kanisa la zamani, ambamo watoto wa shule huonyeshwa historia ya mji wao.

Mto nao haujaacha desturi yake. Mwezi wa Februari mwaka 2020, na tena Novemba mwaka 2024, tufani kubwa ziliufurisha Taff, na maji yakaingia katika maduka na nyumba za Pontypridd na kuleta hasara nyingi. Mji uliumia, lakini tao la mwaka 1756 lilibaki mahali pake, maji yakipita chini yake bila kukuta nguzo ya kukwamia.

URITHI NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba urithi ni majumba ya wafalme, ngome na makaburi ya watu wakuu. Daraja dogo la shamba laonyesha kwamba si hivyo tu. Hakuna mfalme aliyelala Pontypridd wala vita iliyopiganwa juu ya daraja lake. Urithi wake ni maarifa yaliyojengwa ndani ya mawe. Kila mtoto akiuliza, "Mbona daraja lina matundu?" jibu litamfikisha kwenye gharika ya kwanza, kwenye kilele kilichoruka, na kwenye mtu aliyekataa kuacha kazi. Daraja likibomolewa, swali nalo hufa.

Lakini kitu cha kale hakijitunzi chenyewe. Adui za daraja la mawe ni watatu. Wa kwanza ni mti mdogo uotao katika kiungo. Mizizi yake hunenepa na kupasua ukuta, kwa hiyo ni lazima ung'olewe ungali mchanga. Wa pili ni maji ya mvua yanayotuama juu ya njia na kupenya katika kifusi. Lazima yapate pa kutokea. Wa tatu ni fundi mwenye nia njema na saruji ngumu. Mawe ya kale yaliungwa kwa chokaa, ambayo ni laini na hupitisha unyevu. Saruji hufungia unyevu ndani na mwishowe mawe huanza kumeguka. Wanaotunza majumba ya kale ya Lamu nao hufuata kanuni hiyo ya chokaa kwa chokaa.

Pengine msomaji atasema, "Kwetu hakuna daraja kama hilo." Huenda ni kweli. Lakini karibu kila kijiji kina kivuko, na kila kivuko kina habari: ni nani walioleta mawe ya kwanza, gogo la mti gani lilivukiwa kabla ya hapo, ni mwaka gani mto ulilichukua, na watu walifanyaje siku ile. Wazee wanaojua habari hizo wangaliko katika mahali pengi, ila hawatakuwako daima. Daftari moja na alasiri moja ya kuwasikiliza vyatosha kuokoa habari ambazo, zikipotea, hakuna fundi awezaye kuzijenga upya.

William Edwards alipewa mkataba wa miaka saba. Mawe yake yamekwisha kuutimiza zaidi ya mara thelathini.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Daraja la kwanza la Edwards lilivunjwa na nini, naye alibadili nini baada ya kuanguka huko?

2. Fanyeni jaribio la ufito wa mwanzi. Elezeni kwa maneno yenu kwa nini kilele huinuka mabega yakibonyezwa.

3. Kwa nini Edwards hakuongeza uzito kileleni badala ya kupunguza uzito mabegani?

4. Mwaka 1857 watu wa Pontypridd hawakulibomoa daraja la kale. Je, walifanya vema? Toeni sababu za pande zote mbili.

5. Kivuko kilicho karibu nanyi kilijengwa lini na akina nani? Waulizeni wazee, mkaandike majibu yao.